Faragha ya Watunzi

Kuna neno moja ambalo tumelisikia mara nyingi katika vinywa vya walimu wenzetu, nasi wenyewe hatukosi kulisema: "Laiti ningepata mahali pa kimya, mbali na watu, ningetunga kitabu." Neno hili husemwa jioni, wakati madaftari ya watoto yamekwisha kusahihishwa, mke yuko nje anasugua masufuria, na taa ina mafuta ya saa moja tu. Msemaji huugua kidogo, kisha hulala, na kitabu hakitungwi. Basi tumeona vema kupeleleza kama neno hili ni la kweli ama ni udhuru wa wavivu. Hatuna haja ya kubahatisha, maana huko Marekani wako watu walioliamini hata wakajenga mahali pa namna hiyo msituni, na mahali hapo pamedumu zaidi ya miaka mia. Kazi zilizotungwa pale zipo, zasomwa, na mtu aweza kuzipima.

Katika jimbo la New Hampshire, upande wa kaskazini-mashariki wa Marekani, uko mji mdogo uitwao Peterborough, karibu na mlima Monadnock. Mwaka wa 1896 Bibi Marian MacDowell alinunua shamba kuukuu pale. Mumewe, Edward MacDowell, alikuwa mtunzi wa muziki mwenye sifa kubwa, na mwaka ule ule aliitwa kuwa mwalimu wa kwanza wa muziki katika Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York. Mjini alifundisha, nafasi ya kutunga aliipata wakati wa likizo tu, shambani. Kwa hiyo akajengewa kibanda cha magogo ndani ya msitu, mbali na nyumba, ili asisikie mlango ukigongwa wala mgeni akisalimu. Asubuhi bwana alikwenda kibandani. Adhuhuri, kwa jinsi habari ile isimuliwavyo, bibi alimpelekea chakula ndani ya kikapu, akakiweka mlangoni, akarudi zake pasipo kupiga hodi.

Twamwomba msomaji akiweke moyoni kikapu hicho, maana tutakirudia.

Bwana MacDowell aliacha kazi ya Chuo mwaka wa 1904 baada ya kutoelewana na wakuu wake, kisha akili zake zikaugua, na Januari 1908 akafariki. Kabla hajafa, yeye na mkewe walikuwa wamekwisha kuazimu kwamba shamba lile liwe mahali ambapo watunzi wengine nao wapate kile alichokipata yeye. Chama kikaundwa mwaka wa 1907, na wageni wa kwanza wakaja, ndugu wawili wanawake, mmoja mchonga sanamu na mwenziwe mwandishi. Lakini fedha ya kuendesha kazi haikutosha. Bibi Marian, mjane wa miaka hamsini, alikuwa fundi wa piano; ujanani alikwenda Ujerumani kujifunza, na huko ndiko alikomkuta MacDowell, akawa mwanafunzi wake kwanza na mkewe baadaye. Basi akafunga safari, mji kwa mji, mwaka kwa mwaka, akipiga muziki wa marehemu mumewe mbele ya vyama vya wanawake na kuwaomba msaada. Fedha aliyoipata ilijenga vibanda. Alifariki mwaka wa 1956, akiwa na umri wa miaka 98.

Desturi za mahali pale hazikubadilika sana tangu siku zake. Vibanda ni zaidi ya 30, vimetawanyika msituni, kila kimoja mbali na kingine. Mtunzi hukaa wiki kadhaa, wala halipi kitu. Asubuhi hula pamoja na wenziwe katika nyumba kubwa, kisha kila mmoja hushika njia yake, na hapana aruhusiwaye kumtembelea mwingine kibandani pasipo kualikwa. Adhuhuri kikapu huwekwa mlangoni. Jioni hukutana tena mezani, na apendaye huwasomea wenzake alichokiandika. Ukutani mwa kila kibanda mna vibao vya mbao, na kila aondokaye huandika jina lake na mwaka. Wenyewe kwa mzaha huviita mawe ya kaburi. Watu zaidi ya 8,000 wamekwisha kupita pale.

Kwa miaka mingi mahali hapo paliitwa Koloni la MacDowell. Mwaka wa 2020 wakuu wake waliliondoa neno lile, wakabakiza jina la MacDowell peke yake, kwa kuwa neno "koloni" lina harufu ya kutawala watu na kunyang'anya. Sisi wa Afrika ya Mashariki hatuhitaji kufafanuliwa jambo hilo. Jirani zetu wa Kenya waliishi chini ya jina hilo tangu mwaka wa 1920 hata 1963. Twaona walifanya vema. Walakini nchi ile ilikuwa ya Waabenaki kabla haijawa ya mtu mwingine yeyote, na kubandua jina ukutani ni kazi nyepesi.

Sasa tuzitazame kazi.

Aliyekaa pale kwa uaminifu kuliko wote ni mshairi Edwin Arlington Robinson, aliyezaliwa mwaka wa 1869. Mtu huyu alikuwa maskini sana, hata Rais Theodore Roosevelt, aliyependezwa na mashairi yake, akampatia kazi katika forodha ya New York mwaka wa 1905. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kabisa na mshahara ulikuwa wa hakika. Alikaa nayo miaka minne, na katika miaka hiyo alitunga machache. Mwaka wa 1911 alikwenda Peterborough, naye alikwenda shingo upande. Tangu hapo hakukosa kurudi kila kiangazi, hata mwaka kabla ya kufa kwake. Huko alitunga mashairi marefu mno juu ya habari za kale za Mfalme Arthur, nayo yakamletea fedha na heshima. Lile la mwaka wa 1927 lilipata tuzo kubwa ya nchi.

Lakini ni yapi yasomwayo leo? Yasomwayo ni yale mafupi, ya watu wa mji mdogo kama ule aliokulia yeye katika jimbo la Maine: tajiri ambaye kila mtu alimwonea kijicho, kisha usiku mmoja akajipiga risasi; mlevi alaumuye kuzaliwa katika zama zisizo za mashujaa. La kwanza lilitoka mwaka wa 1897, la pili mwaka wa 1910, yote mawili kabla hajaiona Peterborough. Wale wafalme na mabibi wao wamebaki katika rafu za vitabu. Tusiwe wadhalimu, maana liko shairi moja la mwaka wa 1921, la mzee aliyesimama peke yake usiku juu ya kilima na mtungi wake wa pombe, akijikaribisha na kujijibu kwa adabu kama kwamba ni watu wawili, na chini yake mji ambao rafiki zake wote wamekwisha kufa. Hilo ni la siku za msituni, nalo ni zuri kama yale ya kwanza au kuyapita. Lakini ona, nalo pia ni la mtu wa mji mdogo. Msitu ulimpa Robinson wakati. Watu alikuja nao mwenyewe kutoka kwao, na walipoanza kumwishia, akachukua wafalme wa vitabuni.

Wengine walipata kitu cha mahali penyewe. Bibi Amy Beach, mtunzi wa muziki, alipokwenda mwaka wa 1921 alisikia ndege mmoja mdogo mwenye kujificha, akiimba karibu na kibanda chake. Akaziandika sauti zake kama alivyozisikia, akatunga vipande viwili vya piano, kimoja cha jioni na kimoja cha asubuhi. Hapo hatuna la kubisha, maana ndege yule hapatikani katika njia za mji. Naye alilipa deni lake, kwa kuwa alipofariki mwaka wa 1944 aliwaachia watu wa Peterborough mapato ya nyimbo zake.

Na yuko James Baldwin, mtu mweusi, aliyezaliwa Harlem, New York, mwaka wa 1924, mkubwa wa watoto tisa. Aliyekuwa mkubwa wa watoto tisa hahitaji kuelezwa maana ya chumba chenye mlango mmoja na mtu mmoja ndani. Baldwin alilea wadogo zake huku akisoma. Alikwenda Peterborough mwaka wa 1954, lakini kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuonja faragha ya namna nyingine, katika kijiji cha milimani nchini Uswisi, ndani ya nyumba ya jamaa za rafiki yake. Katikati ya theluji hiyo alikimaliza kitabu chake cha kwanza, kilichochapwa mwaka wa 1953, nacho hakina theluji hata kidogo. Kimejaa watu wa Harlem, kanisa lao dogo, baba mkali mwenye kuhubiri, na mwana anayemwogopa. Wanakijiji wale hawakuwa wamewahi kumwona mtu mweusi, na watoto walimpigia kelele njiani. Wageni wengi waendao kijijini kwa ajili ya utulivu huwatazama wenyeji kama miti. Baldwin hakupewa nafasi hiyo, kwa kuwa wenyeji walimtazama yeye. Naye akaandika insha juu yao na juu yake, ambayo twaihesabu kuwa katika kazi zake zilizo bora.

Lakini kazi tuliyotaka hasa kuizungumza ni mchezo wa jukwaani wa Thornton Wilder uitwao Our Town, yaani Mji Wetu. Wilder alianza kwenda Peterborough mwaka wa 1924, akarudi mara nyingi. Sehemu ya mchezo huu aliiandika pale, sehemu nyingine Uswisi. Ulichezwa mara ya kwanza Januari 1938, nao hata leo huchezwa katika shule nyingi za Marekani. Mji wa mchezoni umepewa jina la kubuni, lakini umewekwa katika jimbo lile lile la New Hampshire, na watu wa Peterborough hupenda kusema kwamba ni mji wao.

Jukwaani hapana nyumba zilizochorwa wala mapambo. Pana meza, viti, na ngazi mbili. Mtu mmoja husimama kando na kuwaeleza watazamaji nani ni nani. Akina mama huingia, huwasha moto usiokuwapo, hukoroga sufuria isiyoonekana, huita watoto waje kula chakula ambacho hakipo. (Mapishi ya namna hiyo yangefaa sana nyumbani kwetu mwisho wa mwezi.) Siku ya kwanza ni siku ya kawaida ya mwaka wa 1901. Siku ya pili, miaka mitatu baadaye, kijana George Gibbs anamwoa jirani yake Emily Webb. Siku ya tatu tuko makaburini, mwaka wa 1913. Emily amekufa katika kuzaa, naye ameketi kati ya wafu wengine, kila mmoja juu ya kiti chake, wakisema kwa upole kama watu waliokwisha kuchoka.

Emily anaomba kurudi duniani siku moja tu. Wafu wenzake wanamkataza. Anashika neno lake, anachagua siku aliyotimiza miaka kumi na miwili. Anaingia jikoni. Mama yake ni kijana, yu hai, anapika chakula cha asubuhi, anamwambia atafune vizuri, anamtajia zawadi zake. Binti anamsihi mama yake amtazame, japo kitambo kidogo, kama kwamba anamwona kweli. Mama hana nafasi, maana anachunga chakula kisiungue. Binti hawezi kustahimili, anaomba arudishwe kaburini.

Tuliposoma mahali hapo mara ya kwanza tulilia, hatuoni haya kusema. Tuliposoma mara ya pili tulimkasirikia mtunzi kidogo. Kosa la mama huyu ni nini? Ana moto, ana watoto wawili, ana mume mwenye njaa, na saa ya shule inakaribia. Angaliacha sufuria akamkazia binti yake macho, nani angaliwalisha? Wilder hakuwa na mke wala mtoto. Siku alizokuwa akiandika msituni, mwanamke au mwanamume fulani alisimama mbele ya moto wa kweli, akampikia, akakifunga chakula ndani ya kikapu, akakiweka mlangoni kwa taratibu asije akamshtua. Ni rahisi mtu huyo kuona kwamba wanadamu hawatazamani. Wasomaji wetu watamkumbuka Martha, ambaye kila mhubiri humwambia kwamba ameshindwa, na baada ya ibada wote hula alichopika.

Hasira yetu ilitulia tulipomrudia mama mwingine wa mchezo ule, mama yake George. Bibi Gibbs ana kabati la kale, la urithi. Mfanya biashara wa Boston ametaka kumpa dola 350 kwa kabati hilo. Bibi Gibbs ana shauku moja maishani, kuuona mji wa Paris kabla hajafa. Amemdokeza mumewe, ambaye ni daktari, lakini daktari hupenda kwenda kuzuru tu mahali palipopiganwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na hilo lamtosha. Mama hasemi zaidi. Katika siku ya tatu twamwona naye makaburini, na kwa maneno machache ya Emily, yasemwayo kana kwamba si kitu, twajua mwisho wa kabati: fedha ile aliwaachia vijana wale wawili, nao wakajengea hodhi la saruji la kunyweshea wanyama shambani. Paris hakuiona.

Hapo ndipo tulipokiri kwamba mtunzi alitazama. Mtu aliyeshughulika asingaliliona hodhi lile, au angaliliona asingaliuliza limetoka wapi. Alipewa siku nzima, na siku hiyo aliitumia kumtazama mwanamke ambaye hakupewa siku hata moja. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba nyumba kama zile ni anasa tupu. Lakini hatukubali pia ile sifa inayoimbwa juu yake, kwamba msitu, upepo na kimya ndivyo vitungavyo. Miti ya Peterborough ilianguka kwa wingi sana katika tufani kubwa ya mwaka wa 1938, na watunzi hawakuacha kuja. Kikapu kingalikoma kuja, wangaliondoka katika juma moja.

Watu wa mijini husema kwamba shambani kuna kimya. Nani amewaambia? Sisi tumezaliwa shambani. Alfajiri ni jogoo na kinu. Asubuhi ni jembe. Adhuhuri ni nyani katika mahindi na mtoto mwenye homa. Jioni ni maji, kuni, wageni, tena pengine habari ya msiba ng'ambo ya mto, na lazima twende. Kimya wanachokisifu ni kimya cha shamba lililoondolewa kazi yake, au ambalo kazi yake yafanywa na wengine. Katika siku za Bibi Marian shamba lile lililimwa kweli, na wageni walikula mboga na maziwa yake. Ila waliolima na waliotunga hawakuwa watu wale wale.

Tena tusidhani kwamba utungaji wote hutaka upweke. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo mwaka wa 1840, alitunga katikati ya watu, juu ya vita vya Mombasa na Lamu, juu ya wakuu, mapenzi na shida za siku zake. Shairi lilitoka, likajibiwa, likajibiwa tena. Ungalimweka Muyaka kibandani pasipo mtu wa kumchokoza, pengine tusingalipata beti zake zilizo kali.

Wengine walitunga pasipo faragha wala kikapu, wakatunga hata hivyo. Marehemu Shaaban Robert naye alikuwa karani wa forodha kama Robinson, huku pwani, Pangani na mahali pengine, tangu mwaka wa 1926; lakini hakuna Rais aliyemwekea kazi ya kukalia kiti. Alifanya kazi ya serikali karibu maisha yake yote, akatunga saa zilizobaki. Alipofiwa na mkewe Amina akamtungia shairi, na binti yao akamwandikia utenzi wa mafundisho, kwa sababu mama wa kumfundisha alikuwa hayupo. Hodari kama yule ni mmoja, na watu humtaja kama ushahidi kwamba mwenye kipawa hashindwi na kitu. Ushahidi huo hautoshi. Twamjua aliyeshinda, walioshindwa hatuwezi kuwajua, kwa kuwa hawakuacha karatasi.

Na wanawake? Mwana Kupona wa Pate, ambaye utenzi wake kwa binti yake umesomwa pwani nzima, aliutunga mnamo mwaka wa 1858 akiwa mgonjwa, naye alifariki mwaka wa 1860. Hatusemi kwamba ugonjwa ulimpa ushairi, maana ushairi alikuwa nao. Twasema tu kwamba mwanamke alazwapo, hapo ndipo watu wa nyumba humletea chakula mlangoni.

Ngugi wa Thiong'o wa Kenya, aliyefariki mwaka wa 2025, alizijua faragha za namna mbili. Kitabu chake Petals of Blood alikimaliza mwaka wa 1975 huko Yalta, kando ya Bahari Nyeusi, katika nyumba aliyopewa na chama cha waandishi wa Urusi ya siku zile. Kitabu kilichofuata, cha Kigikuyu, alikiandika mwaka wa 1978 katika gereza la Kamiti, alikofungwa pasipo kuhukumiwa, juu ya karatasi za chooni. Gerezani nako hapakuwa na wageni wa kumsumbua, na chakula kililetwa mpaka mlangoni. Hatudhani kuna mtu atakayepeleka watunzi huko kwa hiari. Lakini katika gereza lile alikuwa na wafungwa wenzake na askari wasemao Kigikuyu, ambao aliwauliza maneno, mithali na mambo ya nyumbani. Nasi kitabu hiki twakipenda kuliko kile cha Yalta, kwa kuwa lugha yake yasikika kama watu waketio karibu.

Makala hii tumeiandika kwa jioni tano. Jioni ya nne tuliisoma kwa sauti, na mama wa nyumba yetu akasikiliza huku akichambua mchele. Yeye ni mwimbaji katika kwaya ya akina mama, na nyimbo mbili za kwaya hiyo ni zake, ingawa katika daftari la kwaya hazina jina la mtunzi. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Huyo bibi wa piano, baada ya kujenga vibanda vyote hivyo, yeye alitunga nini?" Tulimjibu kwamba sifa yake ni kupiga na kuongoza, muziki ulikuwa wa mumewe. Akasema, "Alaa," akaendelea na mchele.

Jumamosi iliyofuata tulishika ndoo sisi, tukawachukua na watoto, tukaenda mtoni tangu asubuhi, na ugali tukaupika sisi. Haukuwa mzuri. Tulimwekea wake nje ya mlango wa chumba, umefunikwa, wala hatukupiga hodi, na mtoto mdogo tulimshika mkono asikimbie kuingia. Mchana alitoka na karatasi, ana ubeti mmoja na nusu. Amesema atahitaji Jumamosi nyingine tatu.